Kamera Utakayoweza Kuilisha

Filamu ya Who Killed Captain Alex? ilifutwa na mtu yuleyule aliyeitengeneza. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alimaliza kuihariri kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Alichoma DVD, waigizaji wakazibeba mkononi kwenda kuziuza, na diski ikawa imejaa huku filamu nyingine ikisubiri nafasi. Akafuta. Kazi iliyokuja kutazamwa na mamilioni ya watu duniani imebaki hai kwa sababu nakala ya DVD ilisalia, na DVD hubeba pikseli 720 kwa 576 tu. Picha asili, zile zilizotoka kwenye kamera, hazipo tena.

Nimeanza na Wakaliga kwa sababu swali la kamera huanzwa upande usio wake. Chukua kijana wa Nyakitonto, huku nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mwenye hadithi nzuri kichwani na fedha alizodunduliza msimu mzima wa maharage. Anakesha kwenye simu akiangalia wataalamu wa Ulaya wakilinganisha 4K na 6K, lenzi hii na ile. Kila mmoja anamwambia kamera inapiga picha namna gani. Inachokula hakuna anayemwambia. Kamera ni kama ng'ombe wa maziwa: bei ya mnadani ni mwanzo tu, baada ya hapo kuna majani, maji na dawa kila siku. Kamera hula umeme, hula kadi, hula diski, na mwisho huila kompyuta. Wakaliga hawakukwamishwa na kamera. Nabwana amesema bajeti yote haikufika dola 200, na bado fundi wao Dauda Bisaso aliweza kuwaundia silaha za maigizo kwa vyuma chakavu. Kilichowashinda ni nafasi ya kuhifadhi.

Basi tupige hesabu. Canon 5D Mark II, kamera iliyotoka mwaka 2008 na kuwafungulia mlango watengenezaji wengi wa filamu wasio na mtaji, hujaza gigabaiti 4 kwa takriban dakika 12. Saa moja ya picha ni gigabaiti 20. Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ilitoka mwaka 2018 kwa dola 1,295, bei iliyowashangaza wengi kwa ubora wake. Hiyo, ukirekodi picha ghafi (RAW) za 4K, hata zikigandamizwa sana, hula karibu gigabaiti 120 kwa saa. Sasa tuseme filamu yako ni ya dakika 60, na kwa kila dakika inayoingia kwenye filamu umerekodi nane. Unarudi nyumbani na saa nane za picha. Kwa Canon ni gigabaiti 160. Kwa Blackmagic unakaribia 1,000. Na nakala moja si nakala: lazima ziwe mbili, kwenye diski mbili, kwenye nyumba mbili. Diski moja ndogo ya mtumba inameza nakala nzima ya Canon na nafasi inabaki. Kwa Blackmagic unahitaji diski mbili kubwa mpya, na kompyuta yenye nguvu ya kuzifungua picha hizo bila kukwama. Bei ile iliyoonekana ndogo dukani imekwisha kuongezeka mara mbili, na hujanunua hata maikrofoni.

Mkoani kwetu kuna mfano ulio kinyume kabisa na wa Wakaliga. Mwaka 1962 Hugo van Lawick alitumwa na National Geographic kwenda Gombe kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe. Alitumia filamu ya milimita 16. Roli ya futi 100 ya filamu hiyo, kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, huisha kwa takriban dakika 2 na sekunde 47. Filamu ilisafirishwa kwenda kusafishwa ng'ambo, na mpigaji alikaa msituni bila kuona alichopata. Katika hali hiyo mtu hujifunza kusubiri: hubonyezi kitufe mpaka sokwe afanye jambo. Nusu karne baadaye, zaidi ya saa 100 za picha hizo zilipatikana zikiwa zimetunzwa, na Brett Morgen akazitumia kutengeneza Jane, filamu ya mwaka 2017. Hazikuwa na sauti hata kidogo, sauti yote ikajengwa upya. Lakini picha zilikuwepo, zenye majani mabichi na macho ya sokwe, kana kwamba zimepigwa jana. Za Gombe zilidumu miaka 50 kwa sababu kulikuwa na kabati la kuzihifadhi na taasisi ya kulipia kabati hilo. Mtengenezaji wa Nyakitonto hana taasisi. Kabati lake ni diski, na lazima alinunue kabla ya kamera.

Umeme nao. Kasulu na Kibondo ziliishi kwa jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, na mpaka leo kuna vitongoji ambako betri huchajiwa kwa sola au kwenye kibanda cha kuchaji simu. Betri ya Canon iitwayo LP-E6 huendesha 5D kwa takriban saa moja na nusu ya kurekodi. Betri hiyohiyo ndani ya Blackmagic huisha kabla ya saa moja. Kwa siku ya kazi hiyo ni tofauti kati ya betri tatu na betri tano au zaidi, na kila moja inadai saa kadhaa kwenye chaja. Ukianzia kwenye kamera za Canon zinazotumia betri hiyo, yaani 5D Mark II, 7D, 60D, 6D au 70D, betri utakazokusanya hazitapotea siku utakapopanda daraja, kwa sababu Blackmagic hiyo nayo inazila.

Sasa jambo ambalo nimeona likiharibu kazi nyingi kuliko lenzi mbaya. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani kwa 60. Taa ya bomba, na balbu nyingi za bei nafuu, hupiga mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde kwa shata ya 1/60, mistari ya giza hupanda na kushuka ukutani nyuma ya mwigizaji, na hakuna mhariri atakayeiondoa vizuri. Rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50: kila fremu inapata mapigo mawili kamili, ukuta unatulia. Kwa hiyo kamera isiyo na fremu 25 haikufai, hata wakikupa nusu ya bei. 5D Mark II yenyewe ilipotoka ilikuwa na fremu 30 tu. Fremu 24 na 25 zililetwa na programu mpya ya Machi 2010, pamoja na uwezo wa kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Kamera ya mtumba isiyosasishwa bado ina ugonjwa huo wa zamani. Na ikiwa ni Sony iliyotoka Japani, angalia menyu: baadhi zimefungwa kwa Kijapani peke yake.

Kisha usiku. Hadithi za huku zina usiku mwingi: wazee kando ya moto, mama na kibatari, mtu anayegonga mlango. Sony a7S ya mwaka 2014 ilijengwa kwa ajili ya hali hiyo, ikiwa na pikseli milioni 12 tu lakini kubwa, zinazopokea mwanga vizuri. Bei yake ikikushinda, usilie. Lenzi inayokuja na kamera hufunguka hadi f/5.6 ukiivuta, lenzi rahisi ya milimita 50 ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Tatizo lake, kwenye kamera yenye kihisi kidogo, ni kwamba inabana. Ndani ya chumba cha matofali ya kuchoma chenye hatua nne utagota ukutani kabla hujampata mwigizaji kiunoni. Weka zote mbili kwenye mkoba.

Na uso mweusi usiumwagie taa ya mbele. Ngozi yetu hung'aa kwa mwanga unaoteleza: taa ikae pembeni, iwe pana, ipite kwenye shuka jeupe au igonge kwanza bati jipya lililoegemezwa ukutani. Pima mwanga kwenye shavu la mwigizaji. Dirisha nyuma yake likiungua, liungue. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe italiokoa dirisha na kuufanya uso kuwa shimo, na nimeona waigizaji hodari sana wakipotelea humo.

Sauti nitaipitia haraka, ingawa ndiyo inayomfanya mtu abaki au atoke kwenye kibanda umiza. Sean Baker alipiga Tangerine, filamu ya mwaka 2015, kwa simu za iPhone 5s, lakini sauti aliinasa kwa vifaa vya kitaalamu. Tafuta kamera yenye tundu la maikrofoni, na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Masika bati likipigwa na mvua, hakuna kifaa kitakachokuokoa. Panga kupiga ndani kiangazi, kuanzia Juni, na ukibadilisha lenzi fanya hivyo ndani ya mfuko, maana vumbi letu jekundu likiingia kwenye kihisi utaliona kwenye kila mbingu utakayopiga.

Kwa fedha ya maharage ya msimu mmoja, mimi ningechukua Canon 70D ya mtumba au ndugu yake, lenzi mbili, betri nne, maikrofoni moja na diski mbili. Diski ndizo ningezilipia kwanza.

Dukani, iwe Kariakoo au Mwanza, usitoe pesa kabla ya kuweka kadi yako mwenyewe. Panga fremu 25 na shata ya 1/50, elekeza kamera kwenye taa za duka, uiache irekodi mpaka ijisimamishe yenyewe. Ishike kiganjani uone imepata joto kiasi gani. Halafu mwombe muuzaji akusubiri, uichukue kadi hiyo ukaifungue kwenye kompyuta utakayohariria, si kwenye yake, uone kama picha inatembea au inarukaruka.