Ustadi wa Kuandika Yaleyale

Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo zilitegemea jenereta za dizeli. Gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022, kazi ya wayaringi ikachangamka, na mafundi wa kufunga umeme hawakosekani. Mimi namsifu mkaguzi anayekuja nyuma yao na testa, bisibisi na daftari.

Kasoro anazozikuta si ngeni. Anazima mein switchi, anafungua skrubu mbili za soketi na kuvuta kifuniko taratibu. Waya wa laini upo, wa nyutro upo. Ule wa kijani na njano umekunjwa nyuma, ncha yake haijafungwa popote. Mwenye nyumba anashangaa: "Sasa fundi, mbona redio huwa inaimba?" Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hakasiriki, wala hamtishi mama wa watu. Anamweleza kwamba siku waya wa ndani ukigusa bati la pasi, umeme hautapata njia ya kurudi, breka haitakata, na pasi yenyewe itakuwa na moto mkononi mwake. Kisha anaandika: soketi ya sebuleni, haina ethi. Chumba cha pili anaandika tena maneno hayohayo, kwa mwandiko uleule unaosomeka.

Kuna swichi iliyokata nyutro badala ya laini: taa inazimika vizuri kabisa, kumbe holda bado ina volti 230, hatari kwa atakayepanda kiti kubadilisha balbu. Huko darini, mahindi yanapohifadhiwa, panya wametafuna waya, na maungio yamesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Yote anaandika.

EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za kazi za umeme, na ni vyema. Lakini leseni haimkingi mtu na mazoea. Ukishaona kosa moja nyumba baada ya nyumba, jicho huanza kulipita, nawe unajiambia kwamba kila mtu anaishi hivyo. Kukataa mazoea hayo, jioni, umechoka, mwenye nyumba naye amenuna, ni ustadi mkubwa kuliko kufunga taa mia.

Kipimo cha ethi rodi alichokichukua masika, udongo ukiwa umelowa, hakimtoshi. Kiangazi udongo wa vilimani hukauka na ukinzani hupanda. Anaandika kipimo na tarehe, kisha anaomba aruhusiwe kurudi Agosti apime upya.