Pongezi kwa Fundi wa Chini ya Gari

Fundi anayekagua bolijointi anastahili sifa kuliko yule anayeamsha injini iliyokufa, maana huzuia ajali ambayo hakuna atakayejua ilikuwa njiani. Bolijointi ikichomoka, tairi hulala na usukani hauna kazi tena. Kwenye gari ambalo springi imekalia mkono wa chini, fundi makini huweka jeki chini ya mkono huohuo. Bila hivyo tairi huning'inia, springi huibana jointi na ulegevu hujificha. Kisha hupenyeza mtaimbo chini ya tairi, ananyanyua, jicho kwenye jointi, kidole kikitafuta mpira uliochanika, pale grisi inapotokea na mchanga unapoingilia.

Wapo wanaosema nyundo na mtaimbo si vipimo. Kweli, kiwango cha ulegevu huwekwa na mtengenezaji, na geji ni bora kuliko jicho. Lakini geji haimsaidii asiyejua jeki ikae wapi. Hata nyundo ina hesabu yake jointi inapotolewa: pigo la ubavuni mwa chuma kilichoishika pini huiachia bila kugusa mpira, ilhali uma wa kung'olea mara nyingi huuchana. Jointi ikirudishiwa na nati ikishakazwa, kotapini huwekwa mpya, ile ya zamani hairudi, halafu gari linakwenda kupimwa alaimenti.