Fanicha Kuukuu, Ipindue Kwanza

Anayetaka kujua kama kabati au kiti cha zamani kimefanywa upya kwa ustadi asianze na mng'ao wake. Akipindue, atazame chini ya kikalio na nyuma ya droo, mahali ambapo fundi hakutarajia jicho la mnunuzi. Sura mpya ni njema pale tu inapoulinda ubao wa zamani, si inapouficha. Huko Kalengera, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, jambo hili lina uzito wa pekee. Jirani yake ni Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo miti yake imeliwa sana na tanuri za makaa. Meza ya mvule iliyorithiwa kutoka kwa babu ni mti uliokwisha kukatwa. Kuiharibu ni kuuita msumeno mara ya pili.

Mtihani wa kwanza ni viungo. Mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na mabadiliko hayo huonekana zaidi kwenye upana wa ubao kuliko urefu wake. Ndiyo maana mafundi wa zamani walichonga ulimi wa ubao ukaingia kwenye tundu lake. Msumari uliopigiliwa kando ya kiungo kilicholegea hukaza leo, lakini ubao ukiendelea kucheza, tundu lake hupanuka na kiti hurudi kuyumba, pengine kikiwa na ufa juu yake. Fundi hodari hukifungua kiungo, hukwangua gundi ya zamani mpaka ubao uonekane, hupaka mpya, kisha hukibana mpaka kikauke. Shika kiti kwa mgongo wake ukisukume upande hadi upande: kikilia, kazi haijaisha. Watu wa Goma wanaielewa kanuni hii kupitia chukudu, kigari chao cha mbao cha kubebea mizigo. Hakuna anayeichagua kwa rangi. Huangaliwa kama mbao na magurudumu yake yatahimili mzigo mteremkoni.

Mtihani wa pili ni uso. Kisogeze kitu dirishani, ukitazame mwanga ukiwa unakipiga kwa ubavu. Mikwaruzo inayokatisha nyuzi za mbao huonyesha kwamba msasa ulipigwa kwa haraka, na vanishi huifanya ionekane zaidi. Kingo zilizolika zikawa duara zinasema msasa ulizidi. Vanishi iliyopakwa nyembamba, mkono baada ya mkono, haiachi michirizi chini ya ukingo wala hainati kidoleni. Kiraka kizuri kina nyuzi zinazofuata mwelekeo wa ubao wa awali. Kisha gonga miguu: unga mpya ukidondoka kwenye vitundu, huenda wadudu bado wamo ndani, na hakuna rangi itakayowatoa.

Wapo watakaosema mnunuzi hulipia mng'ao, na seremala naye ana watoto wa kulisha. Ni kweli, na rangi yenyewe si kosa. Ubao wa mkaratusi uliojaa viraka, au kabati la plaiwudi, hulindwa na rangi nzuri. Kosa ni kuipaka juu ya mvule ili kufunika unga wa mbao uliochanganywa na gundi ukajazwa kwenye ufa. Wengine watasema uchambuzi huu ni wa matajiri, na kwamba familia iliyopoteza nyumba kwa lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 au 2021, au iliyokimbia vita, inahitaji tu mahali pa kukalia. Lakini familia hiyo ndiyo isiyoweza kununua kiti kilekile mara mbili. Kukaza kiungo kunadai gundi kidogo na subira nyingi. Hakudai mbao za bei ghali. Basi, kabla hujatoa pesa, ipindue fanicha hiyo, itikise, igonge. Na seremala asiyekuzuia kufanya hivyo, mlipe anachostahili.