Taa ya Kubadili Gia ya Kujitengenezea: Mezani Sawa, Barabarani Imechelewa

Kuna saketi moja ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki wanaopenda magari hawaikosi. Chipu ya LM2917 inapokea mapigo kutoka kwenye koili ya moto ya injini na kuyageuza kuwa volti. Chipu ya pili, LM3914, inaipokea volti hiyo na kuwasha taa kumi za LED, kijani, njano hadi nyekundu. Nyekundu ya mwisho ikiwaka, badili gia. Vifaa ni vichache, hakuna kuandika programu, na ukiifunga kwenye dashibodi usiku, kusema kweli inapendeza.

Mimi na mwenzangu wa maabara tuliijenga, tukaifunga kwenye sedan ya zamani ya rafiki yetu, tukaijaribu kwenye uwanja wa wazi. Hii ni tathmini yetu. Tunaiheshimu saketi hii, ila tunadhani inasifiwa sana kwa taa zake na haiulizwi swali muhimu: namba inayotuonyesha ni ya lini?

Kinachofanyika ndani

Injini ya petroli ya silinda nne, hatua nne, huwasha plagi mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, yaani mizunguko 100 kwa sekunde, koili inatoa mapigo 200 kwa sekunde.

LM2917 inayahesabuje? Fikiria ndoo yenye tundu chini. Kila pigo likija, kopo moja la maji linamiminwa ndani. Mapigo yakiongezeka, maji yanapanda mpaka yanayotoka yalingane na yanayoingia. Kina cha maji ndiyo volti yetu. Kopo ni kapasita ndogo, ndoo ni kapasita kubwa, tundu ni rezista. Wazo hili ni safi, na kwa mwanafunzi anayeanza ni somo zuri kuliko kunakili programu asiyoielewa. Hapo saketi inastahili sifa zake zote.

Hata kuirekebisha ni rahisi. Umeme wetu wa nyumbani una mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiupunguza kwa transfoma ndogo hadi volti chache, unapata mapigo 50, sawa na injini yetu ikiwa kwenye 1,500. Ukiupitisha kwenye daraja la daiodi nne, mapigo yanakuwa 100, sawa na 3,000. Tulifanya hivyo, taa zikatii bila kukosea. Tukapigiana makofi.

Kasoro ya kwanza: mlango wa kuingilia

Mchoro tulioufuata ulikuwa na rezista moja tu kati ya koili na chipu. Tulipowasha gari, chipu ikafa ndani ya dakika chache. Makosa ni yetu pia, maana tulijua kwamba koili ikikatiwa umeme, upande wake wa msingi hurusha volti mia kadhaa kwa muda mfupi, wakati mlango wa LM2917 umetengenezwa kuvumilia volti 28. Tuliongeza rezista kubwa, daiodi ya zena ya kukata kilele, na kapasita ndogo ya kumeza kelele.

Bado kuna mtego mwingine. Baada ya cheche, koili haitulii mara moja, inatikisika kama kengele iliyogongwa. Saketi isipojikinga, pigo moja linahesabiwa mawili. Dawa ni kuifanya isikilize pigo la kwanza, halafu iwe kiziwi kwa milisekunde 2 au 3. Kwenye 6,000 pigo linalofuata linakuja baada ya milisekunde 5, kwa hiyo hatupotezi kitu.

Na usinakili namba bila kuitazama injini yako. Gari lenye koili juu ya kila plagi linatoa pigo moja kwa mizunguko miwili, hivyo koili moja kwenye 6,000 inatoa mapigo 50 tu. Dizeli haina koili ya moto kabisa.

Kasoro ya pili: ndoo

Hii ndiyo iliyotufanya tuandike. Gari likiwa linanguruma pale lilipo, taa mbili zilipepesa ovyo. Sababu inaeleweka: kila kopo linapomiminwa, maji kwenye ndoo nyembamba yanaruka juu, kisha yanashuka. Kwa kapasita kubwa ya maikrofaradi 1, mruko huo ulikuwa sawa na mizunguko zaidi ya 100 kwa dakika. Tukafanya ambalo wengi hufanya: tukaweka ya maikrofaradi 10, ndoo pana mara kumi. Taa zikatulia tuli.

Sasa tukaingia gia ya kwanza, mafuta mpaka chini. Injini ilipanda, sindano ya dashibodi ikagusa 6,000, gari likaanza kukatakata kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imezuia mafuta. Saketi yetu? Taa ya saba. Tatu za juu bado giza.

Hesabu inaeleza kila kitu. Rezista yetu ni kiloomu 100. Ukiizidisha na maikrofaradi 10 unapata sekunde 1, na huo ndio muda wa ndoo kuzoea mabadiliko. Injini ikitoka 2,000 na kupanda 2,000 kila sekunde, inafika 6,000 baada ya sekunde 2. Wakati huo saketi inasoma takriban 4,300. Haijakosea hesabu, inakusimulia ya karibu sekunde moja iliyopita. Ukirudisha maikrofaradi 1, muda unashuka hadi sehemu ya kumi ya sekunde na saketi inasoma 5,800. Kupepesa kunarudi, lakini angalau unaambiwa habari za leo.

Ndiyo maana kipimo cha mezani kilitudanganya. Umeme wa nyumbani hautoki 50 kwenda 200 ndani ya sekunde mbili. Tulipima kitu kilichotulia, tukahitimisha kuhusu kitu kinachokimbia.

Kasoro ya tatu: jicho na gia

Tuseme saketi haichelewi kabisa. Wewe unachelewa. Mtu akiona taa huchukua kama robo sekunde mpaka mguu au mkono uanze kusogea. Kwa gia ya kwanza hiyo ni mizunguko 500 imeshapita. Kwa gia ya nne, injini ikipanda 300 tu kwa sekunde, ni 75. Sasa taa iwekwe wapi? Ukiiweka 5,500, gia ya kwanza ni sawa, ya nne unabadili mapema bure. Ukiiweka 5,900, ya nne ni sawa, ya kwanza umechelewa. Taa kumi za rangi hazitatui hili. Zinakuongezea vitu vya kutazama wakati macho yanatakiwa kuwa barabarani.

Tungefanyaje?

Mikrokontrola ya bei ndogo inaweza kupima muda kati ya pigo na pigo badala ya kujaza ndoo. Kwenye 6,000 muda huo ni maikrosekunde 5,000, na unapata namba mpya kila pigo. Halafu mstari mmoja wa programu: chukua mizunguko ya sasa, ongeza robo ya kiasi inachopanda kwa sekunde, jibu likifika 6,000, washa taa. Gia ya kwanza itawaka 5,500, ya nne 5,925, bila wewe kugusa kitu. Taa moja, nyeupe, kali, pembeni mwa upeo wa macho.

Ukibaki na LM2917, tumia ndoo ndogo, vumilia kupepesa, na uishushe taa ya mwisho hadi 5,300 kwa ajili ya gia ya kwanza.

Na usiipe taa kazi isiyoiweza. Ukitoka gia ya nne ukaingia ya pili kwa bahati mbaya, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hapo taa, na hata kompyuta ya gari, hazitaokoa valvu zako.

Kabla hujaifunga saketi yako kwenye gari la mtu, fanya jaribio ambalo sisi tuliliruka. Pakua programu ya simu ya kutoa sauti za majaribio, iagize ipande kutoka mizunguko 67 hadi 200 kwa sekunde ndani ya sekunde 2, unganisha waya wa spika za masikioni kwenye mlango wa LM2917, kisha rekodi taa kwa video. Simu ikifika 200, hesabu taa zilizowaka. Sisi tungehesabu saba, tukiwa tumekaa kwenye kiti, bila kuisumbua injini ya rafiki.