Gemu Isiyo na Mwenyeji

Mchezaji wa Elden Ring huamka chini ya ardhi, kwenye makaburi yenye giza, na baada ya muda mfupi husukuma mlango mzito akatokea mwangani. Mbele yake kuna mteremko wa nyasi, magofu ya kanisa, askari wa dhahabu juu ya farasi anayezunguka njiani, na mbali kabisa mti mkubwa unaowaka kama umeme uliogandishwa. Hakuna sauti inayomwambia aelekee wapi wala orodha ya kazi pembeni mwa skrini. Akifungua ramani anakuta karatasi ya rangi ya udongo ambayo karibu haina kitu. Gemu hii ilitolewa Februari 25, 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na ndani ya wiki tatu nakala milioni 12 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Waliosifia walisifia ukubwa wa nchi yake. Mimi naona ukubwa ndio sehemu rahisi, kwa sababu kompyuta huzalisha nyika hata bila kuombwa mara mbili. Kazi ngumu iliyofanywa hapa ni kumwondoa mwenyeji katika safari na kuukabidhi upeo wa macho kazi zake zote. Na kwa anayetaka kuona kazi hizo ni zipi, Karagwe inafundisha zaidi kuliko Tokyo.

Nchi ya Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, imejengwa kwa matuta marefu yaliyopangana, mengi yakielekea kaskazini. Wanajiolojia wameuita ukanda huu wa miamba Karagwe-Ankole, na sababu ya umbo lake ni ya kawaida kabisa: mwamba mgumu wa kwazaiti ulikataa kuliwa na mvua ukabaki juu kama uti wa mgongo, na miamba laini iliyotokana na tope ikamomonyoka ikawa mabonde. Kwa hiyo aliye juu ya tuta huona tuta la pili, na la tatu likififia nyuma yake, lakini hakioni kilichomo katikati. Kinaweza kuwa kinamasi, ziwa dogo, au kijiji kizima na migomba na mibuni yake. Nchi ya namna hii humwonyesha mgeni mbali ikamficha karibu. Wabunifu wa Nintendo, walipoeleza mwaka 2017 jinsi walivyotengeneza The Legend of Zelda: Breath of the Wild, walitaja kanuni inayofanana na hiyo: waliisambaza nchi yao kwa maumbo ya pembetatu, kubwa ziwe alama za mbali, za kati zifiche kilicho nyuma yake, ndogo zipange mwendo wa miguu. Pembetatu, tofauti na ukuta, humwachia mtu hiari ya kupanda au kuzunguka, na upande wowote atakaochagua kitu kilichofichwa kitajitokeza kidogo kidogo. Walichokipata wao kwa penseli, Karagwe ilikipata kwa mvua.

Lakini mlima peke yake hautoshi kumfikisha mtu popote, na hapo ndipo historia ya Karagwe inapotusaidia. Wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, Novemba 1861. Speke aliondoka Januari 10, 1862. Vitabu vingi humwita mpelelezi, na ni kweli alikuwa na vipimo vya kusoma jua na nyota, na kutoka kwenye vilima vya huku aliiona kwa mbali milima ya volkano ya Rwanda. Hata hivyo nchi iliyo magharibi ya Karagwe iliyomo kwenye ramani yake hakuikanyaga. Aliipata kwa kuuliza. Rumanyika na watu wake waliosafiri walimweleza mito, maziwa na falme. Maneno yalipita kinywani mwa wakalimani, Kiswahili cha Sidi Mubarak Bombay kikiwa daraja. Na kabla ya hapo wafanyabiashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro walikwisha kuijua njia. Hata kuendelea mbele hakukuwa hiari yake, maana wajumbe ilibidi watangulie kwa Mutesa wa Buganda, na msafara ukatoka baada ya wapokeaji kufika. Mwenyeji, kwa hiyo, alikuwa na kazi tatu: alimwambia mgeni kuna nini mbele, alimpa ruhusa ya kupita, na alimzuia asife njiani kwa ujinga. Tuzichukue kazi hizo moja moja tuone gemu imezigawa kwa nani.

Ya kwanza ni habari. Gemu nyingi za ulimwengu wazi zilimpa kazi hiyo karani: panda mnara, ramani ijae alama mia, kisha zunguka ukizifuta kama anayekagua hesabu za chama cha ushirika. Elden Ring ilifanya kinyume. Kwenye ramani tupu kuna njia zilizochorwa kwa wino hafifu, na mahali fulani alama ndogo ya nguzo ya jiwe. Mchezaji akiifikia nguzo yenyewe, mara nyingi kando ya barabara, huokota kipande cha ramani na sehemu hiyo hujitokeza ikiwa na misitu, magofu na mabonde yaliyochorwa kwa mkono. Imechorwa tu, haikutajwa. Duara fulani huweza kuwa kisima, kaburi au si kitu. Kwa hiyo kusoma ramani kunabaki kazi ya akili, na mchezaji hubandika alama zake mwenyewe. Baadhi ya vituo vya kupumzikia hutoa mwali mwembamba wa dhahabu unaoelekea upande wa hadithi kuu, nao huishia angani bila kusema umbali wala njia. Ni kama mzee aliyeinua kidevu kuonyesha upande na kurudi kwenye shughuli zake. Hila kubwa zaidi ni ukingo. Karatasi ya ramani huanza ndogo na hutanuka kadiri mtu anavyogundua, hivyo aliyeko Limgrave, eneo la mwanzo, hudhani ameiona robo nzima ya nchi. Akivuka kwenda Liurnia karatasi inamkunjukia upya. Ukubwa huo unaosifiwa unafanya kazi kwa sababu ulifichwa. Ungetangazwa siku ya kwanza, ungekuwa mzigo.

Kazi ya pili, ruhusa, imepewa nguvu. Mwali wa kwanza unampeleka mchezaji mpaka daraja la ngome ya Stormveil, na hapo amesimama Margit, mwenye fimbo na mkia, ambaye humpiga mgeni asiyejiandaa kwa mapigo machache tu. Wengi walidhani gemu ni katili. Ukiutazama ujenzi, pigo hilo ndilo kibao cha njia: linasema rudi, kuna nchi nyingine. Kusini kuna rasi nzima inayoweza kumalizwa kwanza, na kandoni mwa ngome upo ukingo wa genge unaomwezesha mtu kuizunguka Stormveil na kushuka Liurnia bila kumgusa bwana wake. Bweranyange lango lilifunguliwa kwa ujumbe na zawadi. Hapa hufunguliwa kwa kisu au kwa miguu. Tofauti hiyo si ndogo. Ruhusa humfanya mgeni asubiri, na subira ya Speke ilikula wiki sita hivi, wakati Grant aliyekuwa mgonjwa wa mguu alibaki mpaka Aprili. Nguvu humfanya azurure. Wabunifu walihitaji mzururaji, wakamweka mlinzi mbele ya barabara kuu na kuacha vichochoro wazi.

Kazi ya tatu, kumkinga mgeni na kifo, wameiacha kwa makusudi, na badala yake wakapunguza bei ya kufa. Kifo humwangushia mtu akiba yake ya nguvu pale alipoanguka na kumrudisha kituo alichopumzika mara ya mwisho. Akirudi salama anaiokota. Kwa bei hiyo mtu huthubutu. Vipo pia vijiwe vya rangi ambavyo hutupwa gengeni kupima kina: kikivunjika kwa mlio, kuruka ni kufa. Kijiwe hicho kinafanya kazi ya mtoto mchunga mbuzi anayejua kila jabali la kijiji chake. Kisha kuna kile kisima cha Siofra, mashariki mwa Limgrave, jengo la mawe la kawaida msituni ambalo ndani yake lina lifti. Lifti inashuka, inaendelea kushuka, mpaka mchezaji anaanza kuhisi kuna hitilafu, halafu ukuta unakwisha na chini ya ardhi inaonekana nchi nyingine yenye anga la nyota. Ramani hapo hupata tabaka la pili. Hakuna kilichotangulia kudokeza hilo. Mwenyeji yeyote mwenye mapenzi mema angelisema mapema, na kwa kulisema angeliliharibu.

Mtu anaweza kupinga kwamba yote haya ni maneno matupu, kwani mchezaji wa leo ana simu mkononi na intaneti humwambia kila kitu kilipo. Ni kweli, na sidhani wabunifu walikuwa hawalijui. Jibu lao limo ndani ya gemu yenyewe: wachezaji huachiana maandishi ardhini, lakini kwa kuunganisha maneno machache yaliyowekwa tayari, kiasi cha kuweza kusema mbele kuna njia ya siri na si zaidi. Wengine husema kweli. Wengine huandika hivyo mbele ya ukuta usio na chochote, na waliodanganywa hucheka, kisha huwapigia kura ya kuwapongeza. Mwenyeji aliyefukuzwa mlangoni amerudi dirishani, akiwa na mdomo uliofungwa nusu na uaminifu wa kupimwa. Anayekwenda mbali zaidi na kufungua mwongozo wa intaneti kila baada ya dakika tano anacheza gemu nyingine; ni haki yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la marudio. Mapango na makaburi madogo ya Elden Ring ni mengi mno, vyumba vyake vinafanana, na majitu yaleyale hurudi mara ya tatu na ya nne. Milima ya theluji ya mwishoni ni mitupu kuliko mabonde ya mwanzo. Sina cha kuitetea gemu hapo, ila naona kosa hilo linaithibitisha hoja. Upeo wa macho hufanya kazi ya mwenyeji pale tu ambapo nyuma ya tuta kuna kitu ambacho macho hayakukitarajia. Mara mchezaji anapojua kuwa mlango huu wa jiwe utampeleka kwenye paka wa jiwe aliyekwisha kumuua mara mbili, mlima umeacha kuficha na umekuwa kikwazo tu.

Mahali mbinu ilipovunjika kabisa ni kwa watu. Milima inakaa mahali pake, lakini wahusika wa gemu hii huhama, na ukikosa kumkuta mmoja wao hadithi yake hukatika bila taarifa. Kumtafuta mtu si sawa na kutafuta mahali. Mtu hutafutwa kwa kuuliza, na hapa hapakuwa na wa kuulizwa. Machi 2022, mwezi mmoja haujaisha tangu gemu itoke, FromSoftware iliongeza alama na majina ya wahusika waliokwisha kukutana na mchezaji kwenye ramani. Ni marekebisho madogo, lakini yalikuwa ya kukiri.

Kuna neno moja tu la mwenyeji ambalo halikuondolewa tangu mwanzo. Mchezaji anapoingia mahali papya, jina la mahali hujiandika katikati ya skrini na kufifia: Siofra, Caelid, Stormveil. Hakuna aliyelitamka, naye mchezaji hana nafasi ya kulibadilisha. Ziwa dogo lililo chini ya makao ya Rumanyika lilikuwa na watu wake waliolitumia na kuliita miaka mingi kabla ya msafara kufika, na aliyetaka jina lake angelipata kwa swali moja. Grant alilitazama kutoka kilimani, akaliona limefanana na ziwa la kwao Uingereza, na katika kitabu cha Speke likaingia kama Windermere Ndogo.