Msichana Akitapika, Tumeshajua

Kwenye Coaster za Makambako kwenda Njombe huwa wanaweka filamu za Kibongo. Safari ni kama kilomita 60, kwa hiyo mara nyingi unashuka filamu haijaisha. Desemba iliyopita tulikuwa bado stendi, watu wananunua parachichi na karanga dirishani, msichana kwenye skrini akaweka kijiko mezani, akaziba mdomo, akakimbilia chooni. Mama aliyekaa pembeni yangu akacheka. "Huyo tayari," akasema. Nyuma yetu mtu akaitikia, "Tayari kabisa." Walikuwa sahihi. Baadaye kidogo baba yake alikuwa anamtupia begi nje.

Kama mwanafunzi wa fasihi ningeweza kulalamika kwamba tukio hilo limechakaa, na nikaishia hapo. Ila kinachonisumbua ni kwamba tumeliamini, tukafikiri ndivyo mwili unavyofanya.

Nilisoma sekondari ya bweni mkoani Njombe. Kidato cha tatu rafiki yangu mmoja alikuwa akitapika asubuhi, hasa baada ya maharage ya usiku. Bweni zima likaanza kumhesabia miezi. Matroni akambonyeza tumbo mbele yetu. Alipopelekwa hospitali, vikaonekana vidonda vya tumbo. Muhula huohuo, mchezaji wetu bora wa netiboli, aliyekuwa anakula na kulala vizuri, aliondolewa shuleni akiwa na mimba ya miezi minne. Hakutapika hata siku moja. Miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba siku zake zilipokosekana aliona ni baridi na mawazo ya mitihani. Alikuwa anasubiri kutapika ndipo aamini.

Wakati huo tulikuwa tunasoma Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation. Waliopita kidato cha tatu na cha nne wengi wanaikumbuka: wazazi wanabishana kama watoto waelezwe mambo ya jinsia au waachwe, na Anna anapata mimba ya Joti, pamoja na virusi. Naiheshimu kwa kulisema jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Lakini tulivyofundishwa kuisoma! Mimba ilikuwa dhamira. Tuliiweka kwenye orodha, kati ya UKIMWI na malezi, tukatoa mfano mmoja, tukapewa alama. Yule wa netiboli alinizidi alama katika swali hilo.

Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mwenye mzunguko unaoeleweka, dalili ya kwanza kwa kawaida ni tarehe kupita. Kichefuchefu, kikija, huanza karibu na wiki ya sita ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wengine hakiwapati kabisa. Matiti kuuma, uchovu usioeleweka na kukojoa mara kwa mara vinaweza kuja bila kutapika. Wapo wanaoona matone machache ya damu wakadhani ni hedhi. Kwa wasichana wadogo, ambao siku zao hubadilikabadilika, hata tarehe peke yake haitoshi. Inabidi kupima mkojo, na majibu yakiwa hapana huku siku bado hazijaja, kurudia baada ya wiki moja.

Haya si mambo madogo. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Msichana wa kwenye filamu anapoweka kijiko mezani, huenda hatua hiyo imeshapita. Na katika mkoa ambao utafiti wa 2022/23 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kuwahi kliniki maana yake ni kuwahi kupima na kuanza dawa ili mtoto alindwe.

Hata lugha yetu inachelewa. Tunasema mjamzito, mtu mzito, kana kwamba hali hiyo inaanza pale wengine wanapouona uzito. "Mimba changa" ipo, lakini nimeisikia zaidi kwenye habari za mimba zilizotoka.

Nadhani sababu ni kwamba katika hadithi zetu dalili hazimhusu mwenye mwili. Anayezisoma ni mama, jirani, matroni. Msichana ni ukurasa tu. Kutapika kunafaa kwa kazi hiyo kwa sababu kunaonekana na kila aliyepo. Tarehe iliyopita haionekani na kamera. Shuleni ilikuwa vilevile: hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliojifungua warudi shule za kawaida, dalili ilikuwa ushahidi wa kukufukuzia. Nani angekuwa na haraka ya kujitambua?

Tulipokaribia Njombe, baridi imeshaanza kuingia dirishani, nilijikaza nikamuuliza jirani yangu. "Samahani mama, wewe wako ulikuwa unajuaje?"

Aliniangalia kwanza kama anayepima swali limetoka wapi. "Mimi? Watoto watano, sijatapika hata mmoja. Nilikuwa nahesabu siku, mwanangu."

Kisha akarudi kwenye filamu. Msichana alikuwa anatapika tena.