Toba Baada ya Kusikia

Ukitoka Goma kuelekea magharibi unafika Sake, kisha barabara inaandamana na Ziwa Kivu mpaka Shasha, ndipo uanze kupanda milima ya kusini ya Masisi hadi Ngungu. Nyumbani watu wa kule husema Kihunde, Kinyarwanda au Kitembo. Wakikutana kanisani, Kiswahili ndicho kinachowakusanya. Anayepanga ibada mahali kama hapo ana kazi ngumu kuliko kuchagua nyimbo. Mbele yake wanakaa watu ambao vita vimewapitia mara kwa mara tangu Machi 1993, mauaji yalipoanzia sokoni Ntoto, kule Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Wengine walikimbia, wengine walikimbiwa. Wakae benchi moja, halafu watazamane. Kwa utaratibu gani?

Wakatoliki wa Kongo wanao utaratibu ambao, kila ninapoupitia, naona mikono ya mafundi. Tarehe 30 Aprili 1988 Vatikani iliidhinisha Misale ya Kiroma kwa Majimbo ya Zaire. Kabla ya hapo maaskofu, Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa akiwa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo, walikuwa wamekaa miaka mingi wakijaribu, wakipeleka na kurudishiwa, wakirekebisha. Idhini ilitolewa kwa majimbo yote ya nchi, Jimbo la Goma likiwemo. Wageni wakisimulia misa hiyo husimulia ngoma, na makasisi wanaocheza kuizunguka altare wakati wa Utukufu. Hawakosei, kwani inapendeza. Lakini ngoma unaweza kuiongeza kwenye misa yoyote. Kilichohitaji akili na subira ni kupanga upya hatua za ibada.

Katika mpangilio wa kawaida wa Roma, toba iko mlangoni. Umetoka njiani, vumbi bado liko miguuni, na kabla hujasikia hata somo moja unaombwa ukiri makosa. Amani inakuja mbali sana, baada ya Baba Yetu. Waliotunga ibada ya Kongo waliyahamisha yote mawili. Kwanza Neno: masomo, Injili, mahubiri, Nasadiki. Kisha ndipo toba, watu wakiwa wameinamisha vichwa na kukunja mikono kifuani. Maji ya baraka yananyunyizwa. Na wakati uso bado una unyevu, wanapeana amani, halafu wanaingia katika maombi ya waamini.

Tuangalie hilo linafanya nini. Mtu akiulizwa makosa yake kabla hajasikia lolote, atataja yale anayoyajua tayari: alidanganya, alitukana, alikunywa kupita kiasi. Lile asilolijua kuwa ni kosa atatoka nalo salama. Na katika milima ya Masisi mazito ndiyo hayo yasiyojulikana kuwa makosa. Kumkwepa jirani kwa ajili ya kabila lake ni jambo ambalo mwenyewe huliita busara. Huenda siku moja ndilo lililomwokoa. Huwezi kumtaka alitubu kabla hajaonyeshwa. Waandaaji wa misale ile walilijua hilo, wakalipa Neno nafasi ya kufanya kazi yake kabla ya kudai jibu.

Mpangilio huo unaonekana vizuri zaidi siku Injili ni ya Yohana sura ya 9, yule kipofu wa kuzaliwa. Husomwa Dominika ya nne ya Kwaresima katika mwaka A, kama ilivyokuwa 2023 na ilivyo tena 2026. Ni Kwaresima, kwa hiyo Utukufu hauimbwi na ile densi ya altare haipo. Ibada inabaki na mifupa yake, na mifupa ndiyo ninayoisifu. Kipofu anapakwa tope machoni, anatumwa kwenye bwawa la Siloamu, ananawa, anaona. Lakini ananawa mbali na Yesu. Aliyemponya hajawahi kumwona. Anaijua sauti yake tu. Anaanza kwa kumtaja kama mtu aitwaye Yesu, baadaye anasema ni nabii, mwisho anasujudu, na hapo napo ni baada ya kuambiwa kwamba anayesema naye ndiye. Macho yalifunguka kwa dakika chache. Kutambua kulichukua sura nzima.

Nao majirani? Hao walikuwa na macho tangu zamani, lakini alipoacha kukaa chini na kuomba wakaanza kubishana kama ndiye yeye au anafanana naye. Walizoea mahali pake, hawakumzoea yeye.

Somo hilo lina aya 41, na kitabu cha masomo kinaruhusu kusoma kwa ufupi. Naomba kutofautiana na wenye haraka. Ufupisho huo unawaondoa wazazi, wale wanaokiri kwamba huyu ni mtoto wao na alizaliwa kipofu, kisha wanakataa kuendelea kwa sababu wanaogopa kufukuzwa. Mzazi anayejua ukweli na kunyamaza ili asifukuzwe: ukimtoa huyo mbele ya watu wa Kivu, umewanyima mtu wanayemfahamu kuliko wote katika hadithi hiyo.

Misale ile inampa nafasi pia mtangazaji, mwanamume au mwanamke, ambaye si padri wala msomaji. Huyo huwaandaa watu kwa kila hatua: anawakaribisha, anawaelekeza wasikilize. Kazi yake haionekani ikifanyika vizuri. Akisema mengi anakuwa mhubiri wa pili, akisema machache watu wanapotea njiani. Mahali penye lugha tatu nyumbani anahitaji Kiswahili chepesi ambacho bibi wa kijijini na mwalimu wa shule wote watakishika, na salamu isiyoacha upande wowote wa benchi ukijiona mgeni. Ufundi huo haufundishwi kwa wiki moja.

Kuhusu amani, sitaki kuipamba. Mei 1996 Watutsi waliokuwa wamekimbilia monasteri ya Watrapisti ya Mokoto, humo humo Masisi, walivamiwa na wengi wakauawa. Kuingia kanisani peke yake hakujamlinda mtu. Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alipokutana jijini Kinshasa na waathirika wa vita vya mashariki, waliweka chini ya msalaba vitu kama vile vilivyotumika kuwatesa na kuwaua watu wao, panga na kisu vikiwemo. Hawakuweka kabla ya kusema. Walisimulia kwanza yaliyowapata, mbele ya wasikilizaji, ndipo wakaweka. Haikuwa misa, lakini mpangilio ni ule ule.

Na bado kutakuwa na mtu Ngungu ambaye, maji yakishanyunyizwa, ataacha mikono yake ikiwa imekunjwa kifuani. Ibada haina hatua ya kumkagua. Haimtaji wala haimsubiri. Maombi ya waamini yanaanza, naye anaombewa pamoja na wengine, bila kuulizwa amemkatalia nani mkono. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wale waandaaji zaidi ya popote. Wangeweza kuweka sharti.